Maneno ya Shangazi: Pingamizi la Kimaadili dhidi ya Riwaya na Filamu

Watu wa aina tatu ndio huinuka mara nyingi kuipinga hadithi katika Afrika Mashariki, nao ni mzazi, kiongozi wa dini na mkaguzi wa serikali, na ingawa wote watatu husema kwamba wanatetea maadili, anayewasikiliza kwa makini hugundua kuwa kila mmoja anaogopa jambo lake. Maadili, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni mwenendo na usemi ambao jamii inautarajia kwa mtu wa umri fulani, wa jinsia fulani, akiwa mbele ya watu fulani. Sehemu hiyo ya mwisho, yaani mbele ya nani, ndiyo inayosahauliwa upesi kuliko zote. Sensa ni ukaguzi unaofanywa kabla ya kazi kuifikia hadhira, ambapo mkaguzi anaweza kukata sehemu ya kazi hiyo au kuizuia yote, ilhali upangaji wa madaraja huiacha kazi ilivyo na kutaja tu umri wa anayeruhusiwa kuitazama. Yatakayoelezwa hapa yametokana na kumbukumbu za mwandishi aliyefundisha fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari na kukaa mara nyingi katika vikao vya walalamikaji, na hoja yake ni kwamba malalamiko mengi yanayoelekezwa kwenye maneno na picha kwa kweli yanahusu ukumbi: nani amekaa karibu na nani wakati jambo linaposemwa.

Utamaduni wenyewe haukuwahi kuona haya kwa namna inayodhaniwa leo. Nyimbo za unyago, ambazo mwari hufundishwa na kungwi au somo wake akiwa ndani, zinataja mwili na tendo la ndoa kwa uwazi ambao hakuna bodi ya filamu ingeupitisha, na waimbaji wake ni wanawake wanaoheshimiwa mtaani, wenye wajukuu, wasiokosa msikitini wala kanisani. Taarabu nayo imeishi kwa mafumbo, na kila aliyewahi kukaa katika sherehe za harusi za pwani anajua kwamba fumbo zuri humfanya mtu mzima acheke na mtoto aendelee kula pilau bila kuelewa kitu. Jamii haikuyafuta maneno hayo, bali iliyapangia mahali pake, saa zake na watu wake. Mwanamume hakuingia unyagoni, na asiyepita jandoni hakuambiwa ya jandoni. Hata sinema zilipoingia Zanzibar na kuwa burudani kubwa ya mji, yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo filamu iliyokuwa ikionyeshwa usiku kwa watu wote ilitazamwa bila wanaume ukumbini, na hakuna aliyeona kwamba filamu hiyo ilikuwa imebadilika ilhali utazamaji wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Wakoloni walileta hofu ya namna nyingine. Wakaguzi wao hawakuhangaika sana na haya ya Mwafrika mbele ya mkwewe, bali waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mwizi, mlevi au mzinzi kwenye skrini heshima ya utawala ingepungua, na ndiyo maana kati ya mwaka 1935 na 1937, katika mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, zikatengenezwa filamu za kuwafundisha wenyeji kilimo, afya na kuweka akiba. Serikali huru zilirithi mashine hiyo ya ukaguzi pamoja na lugha yake. Kenya iliendelea na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria zake, na Tanzania ikatunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Heshima ya Mzungu iliondoka katika orodha ya vitu vya kulindwa, mahali pake ikaingia heshima ya taifa, na katika nchi zote mbili anayeamua akabaki ofisa aliye mbali na ukumbi.

Kitabu kilichoijaribu mashine hiyo kuliko vingine vyote vya Kiswahili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Mwandishi wake alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari, na jina alilolipa riwaya yake linatoka katika litania ya Bikira Maria, jambo ambalo kwa msomaji Mkatoliki lilitosha kuuchoma moyo kabla hata ya kufungua ukurasa wa kwanza. Ndani yake yumo Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana na kumlea kwa ukali usio na neno moja la mafunzo, na yumo Rosa, ambaye akishafika shule ya bweni, mbali na fimbo hiyo, hana kinga yoyote ndani yake, kisha zinafuata mimba, kuitoa, kudharauliwa na hatimaye kujiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikakubaliwa na hata kuwa kitabu cha kusomwa katika sekondari za Tanzania na Kenya. Kati ya marufuku na mtaala, maandishi ya riwaya hayakubadilika.

Mwandishi wa makala haya aliisoma na wanafunzi wake akiwa bado mwalimu kijana katika shule ya mchanganyiko ya Kanda ya Ziwa, na kumbukumbu anayoirudia mara kwa mara ni ya mzee mmoja, katekista, aliyefika ofisini kwa mkuu wa shule akiwa na nakala ya binti yake iliyokunjwa pembe za kurasa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za nyumbani kwa urefu unaostahili, mzee alitakiwa aeleze kilichomleta, lakini hakukisema. Mkuu wa shule alikuwa mwanamke wa umri wa kuweza kuwa binti yake, na mzee hakuwa tayari kuyatamka mbele yake maneno aliyokuja kuyalalamikia. Alichofanya ni kukisukuma kitabu mezani kwa kidole, akauonyesha ukurasa, akageuza uso kuelekea dirishani hadi mama yule alipomaliza kusoma. Kisha akamgeukia mwalimu. “Mwalimu, mimi sisemi haya ni ya uongo. Yapo, tunayaona. Lakini haya ni maneno ya shangazi yake. Wewe ni kijana wa kiume, unayasomaje mbele ya mabinti, tena wavulana wamekaa dawati la nyuma?”

Swali hilo lilikuwa bora kuliko majibu yaliyokuwa tayari kichwani mwa mwalimu. Chuoni alikuwa amefundishwa kuitetea fasihi kwa hoja mbili kuukuu, ya kwanza ikiwa kwamba fasihi ni kioo cha jamii, na ya pili ile ya Aristotle kwamba tanzia, yaani mchezo au hadithi inayoishia katika maangamizi, humtakasa mtazamaji kwa kumtia hofu na huruma. Hoja zote mbili zinajibu shutuma kwamba kitabu ni kibaya. Mzee hakuwa ameleta shutuma hiyo. Alikuwa amekubali kuwa jambo linasemeka, tena kwamba binti yake alipaswa kuambiwa. Alichokipinga ni msemaji, mahali na majirani wa kusikia, na kwa jambo hilo Aristotle hana msaada, wala kioo.

Walimu walikubaliana kwamba mjadala wa sura zile uongozwe kwa wasichana na mwalimu wa malezi, mama aliyekuwa na watoto wakubwa, na kwa wavulana na mwalimu wa Kiswahili, kabla ya darasa kukutana pamoja. Yaliyotokea yalimshangaza kila mtu. Wasichana, kwa taarifa ya mama yule, hawakugusa kabisa habari za kitandani. Walimzungumza Zakaria, na kupitia kwake baba zao, kwa hasira ambayo mama huyo hakuwahi kuisikia katika miaka yake yote ya malezi. Wavulana nao, walipokuwa peke yao na bila msichana wa kumringia, waliacha kucheka mapema na wakabishana juu ya mchumba aliyemkataa Rosa kwa sababu ya maisha yake ya nyuma: je, alikuwa na haki, na yeye mwenyewe alikuwa msafi? Kurasa zilizokunjwa pembe hazikuwa zimewashughulisha wanafunzi hata kidogo ukilinganisha na zile ambazo mzee hakuzikunja. Na mzee mwenyewe hakubadilika; aliridhika na mpango, akashukuru, na akaendelea kushikilia kwamba kitabu kile kingefaa kidato cha juu zaidi, rai ambayo mtu mwenye busara anaweza kuwa nayo.

Hapo ndipo marufuku ya jumla inapoonyesha udhaifu wake. Mwaka 1976 Tanzania ilizuia vitabu vya Mkenya David Maillu, mwandishi na mchapishaji wa vijitabu vya Kiingereza chepesi juu ya ulevi na mapenzi ya mjini, ambaye mwenyewe alijiona mwonyaji wa jamii. Miaka ilipopita, nakala zake zilikuwa bado zinazunguka katika mabweni ya wavulana zikiwa zimevikwa magazeti, zimekatika majalada, na zinafunguka zenyewe katika kurasa zilezile. Marufuku haikuwa imewaondoa wasomaji. Iliwaondoa mwalimu, mama wa malezi na darasa, ikamwachia kijana kitabu na tochi chini ya shuka. Maillu wa mwonyo hakufika bwenini. Aliyefika ni Maillu wa kurasa sita.

Filamu ina ugumu wake, kwa sababu neno la kitabuni hupita katika jicho la mtu mmoja ilhali picha husimama mbele ya wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja. Mwandishi aliona tofauti hiyo waziwazi alipohudhuria onyesho la Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Riwaya hiyo, inayomhusu Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi anayemkimbia mume mzee aliyeozwa na kuangukia katika mapenzi na Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mwandishi hakumbuki malalamiko yoyote ya maana juu yake. Ukumbini, hata hivyo, walimu wale wale waliokuwa wameifundisha walianza kukohoa Yasmin na Denge walipokaribiana, na mmoja aliyekuja na dada yake mkubwa alijikuta ana shughuli ya ghafla na simu yake. Hawakuwa wanafiki. Walikuwa wanafanya kile ambacho adabu inamtaka mtu afanye akiwa na dada yake mkubwa, na giza la ukumbi halikutosha kuwa stara.

Kila nyumba yenye televisheni sebuleni ina sensa yake isiyoandikwa, na pengine ndiyo sensa pekee inayofanya kazi. Tamthilia inapofikia mahali pabaya, baba huuliza habari za ng'ombe, mama hukumbuka kwamba sufuria iko motoni, na mtoto mkubwa huambiwa, “Hebu nenda kaniletee maji ya kunywa,” amri ambayo watoto wote huielewa na wengi huitii wakiwa wanatabasamu. Mwenye banda la video naye alikuwa na utaratibu wake. Katika mabanda aliyoyajua mwandishi, ambamo filamu za Hong Kong, India na Marekani zilionyeshwa kwa kiingilio kidogo huku mfasiri akisimulia juu ya sauti za waigizaji kwa Kiswahili cha mtaani, mwendeshaji alikaa na kidhibiti mkononi, akipeleka mkanda mbele mara tu mwanamke wa kwenye filamu alipoanza kufungua kifungo.

Lakini hakuna mtoto aliyewahi kutumwa maji wakati mtu anachinjwa. Hilo ni jambo ambalo mwandishi alichelewa kulitafakari kwa kuwa lilikuwa la kawaida mno: mkanda ulipelekwa mbele kwa busu na kurudishwa nyuma kwa mauaji, ili waliokuwa nje wasikose, na mfasiri alizidisha utani kila damu ilipomwagika, akimpa muuaji jina la jirani anayejulikana na marehemu jina la timu iliyofungwa Jumamosi. Katika vichekesho vyetu wenyewe mke hupigwa kofi na ukumbi ukaangua kicheko, babu na mjukuu wakicheka pamoja. Ukiangaliwa kwa kipimo cha ukumbi, mpangilio huo una mantiki, maana kofi halimwaibishi mkwe aliyekaa kando. Ukiangaliwa kwa kipimo cha madhara, haueleweki kabisa. Zakaria alimwangamiza Rosa kwa fimbo kabla mwanamume yeyote hajamgusa, na kurasa za fimbo hazikuwa zimekunjwa pembe. Haya ni kinga ya kweli, lakini inalinda uso wa mtazamaji zaidi ya mwili wa anayepigwa, na mlalamikaji anayeitumia peke yake kama kipimo cha maadili atapitisha mengi yaliyo mabaya kuliko aliyoyazuia.

Kuna njia nyingine ambayo watengenezaji wa filamu wameigundua ya kuwanyamazisha wapinzani, nayo ni adhabu ya mwisho. Hollywood iliifanya kuwa sheria: kanuni za utengenezaji wa filamu zilizoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, na ambazo nafasi yake ilichukuliwa na upangaji wa madaraja ya umri mwaka 1968, zilitaka uhalifu na dhambi visionekane kushinda. Filamu nyingi za video za Tanzania, zile zilizoitwa Bongo Movie, zilifika mahali hapohapo bila kulazimishwa na kanuni hizo. Kwa saa moja na nusu mtazamaji huonyeshwa nyumba ya kifahari, magari, nyumba ndogo ya mume na mganga anayetoa masharti, kisha katika dakika za mwisho mwenye dhambi hupata ajali, ukimwi au kichaa, na filamu inahesabiwa kuwa ina funzo. Mwandishi aliwahi kukaa katika jopo la kupendekeza filamu za kuonyeshwa shuleni na kusikia wajumbe wakiuliza swali moja tu juu ya kila kazi, yaani imeishaje, kana kwamba saa na nusu iliyotangulia ni nauli tu ya kufikia funzo.

Kesi ya Rafiki inaonyesha kipimo hicho kinakofika. Filamu hiyo ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya mwaka 2018 kwa sababu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, bodi ilimtaka abadilishe mwisho wake kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu itazamwe na watu wazima tu, watu wakajaa kumbi za Nairobi, na siku hizo zilipokwisha marufuku ikarejea. Watazamaji wanaokubaliana na bodi juu ya mapenzi hayo ni wengi, na mwandishi anawafahamu walio waaminifu katika imani yao. Hata hivyo mtu anayeliona jambo kuwa ovu hana sababu ya kuridhika likiishia kwa machozi, kwa hiyo bodi iliyo tayari kujadiliana juu ya machozi imeacha kutetea maadili na kuanza kuandika tamthilia.

Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na maadili ya nchi. Katika chumba cha walimu ambamo mwandishi alilisikia jambo hilo likijadiliwa, waliounga mkono na waliopinga walikuwa na kitu kimoja cha pamoja, kwamba hakuna aliyekuwa amekisoma hata kimoja kati ya vitabu hivyo. Katekista wa Kanda ya Ziwa alikuwa ameusoma ukurasa, ameukunja, na amepanda basi kuja nao.

Mzazi mwenye pingamizi asiishie kulalamika, bali autaje ukurasa au dakika, ataje umri wa mtoto anayemhofia, aseme ni nani angepaswa kumweleza mtoto jambo lile na kama ameshaelezwa. Shule nazo ziwe na mama na baba wa malezi wanaosoma vitabu vya mtaala, si wa kugawa dawa na kukagua mabweni tu. Na bodi za ukaguzi, zinapozuia kazi, zitoe hadharani sababu zao zote kwa maandishi na kwa Kiswahili, zikieleza ni hadhira ipi inayolindwa na kwa nini daraja la umri halikutosha, ili mwananchi aweze kuzijibu.